Ukurasa wa Tisa

Mwalimu Klara, hata alipozeeka kule Magomeni, alikuwa na ugonjwa mmoja: mtoto akimsomea haraka bila kukwama, alimnyang'anya kitabu. Akikwama, alimkumbatia. Wajukuu zake walidhani bibi kapungukiwa. Hawakujua habari za Mtaa wa Sikukuu.

Alifika Dar es Salaam kutoka Masasi mwaka 1953, msichana wa miaka ishirini na mbili, cheti cha ualimu amekikunja ndani ya kanga. Akapewa darasa ambalo walimu wanaume walilikimbia: wanawake kumi na wanane wa Kariakoo, wengine wana wajukuu, waliokutana saa za alasiri katika chumba cha mbele cha nyumba ya mtu, Mtaa wa Sikukuu. Vitabu vilikuwa sita. Benchi zilikuwa nne, moja mguu wake ni tofali.

Kwa miezi mitano Klara alitembea njiani akicheka peke yake. Wanawake wale walisoma, tena walisoma hasa! Aliyewapita wote ni Bi Sabaha, mkaanga samaki, aliyewahi soko la samaki la Feri kila alfajiri na kuingia darasani bado ananukia mafuta. Akishika kitabu, maneno yalimtoka kama maji ya bomba. Bwana Bakili, mkaguzi wa madarasa ya watu wazima, alikuja mara moja, akasikiliza, akaandika kwenye daftari lake: "Wanasoma vizuri sana."

Alhamisi moja Bi Sabaha alikuwa akisoma, Klara akapita nyuma yake. Akatupa jicho kitabuni. Kushoto kulikuwa na ukurasa wa nane. Kulia kulikuwa na ukurasa wa kumi na moja. Karatasi ya kati ilikuwa imechanwa. Baadaye ilijulikana kwamba mjukuu wa mwenye nyumba aliifungia muhogo. Na Bi Sabaha alikuwa anasoma ukurasa wa tisa, neno kwa neno, vituo vyote mahali pake, kidole kikiteleza juu ya picha ya ng'ombe.

Klara akawaambia wote wafunge vitabu, waendelee. Wakaendelea! Ukurasa wa kumi, wa kumi na moja, mpaka wa arobaini, sauti kumi na nane kwa pamoja, hakuna aliyeruka hata neno moja.

"Bi Sabaha," Klara aliuliza, "mmeanza lini hivi?"

"Ulipotusomea siku zile za kwanza, mwanangu. Tukahifadhi. Kwani kuna kusoma kwingine?"

Hapakuwa na uongo hapo. Utotoni walikaa chuoni mbele ya mwalimu wa Kurani, na mwanafunzi mwenye adabu alikuwa yule aliyepokea maneno na kuyaweka kichwani yasimwagike. Klara alistaajabu, maana yeye mwenyewe asingeweza kuhifadhi hata kurasa tano. Kisha hofu ikamshika. Bwana Bakili angerudi baada ya wiki saba, na alishasema waziwazi: darasa lisilosoma litafungwa. Angeweza kunyamaza tu. Wangeimba kurasa zao, mkaguzi angefurahi, na wanawake kumi na wanane wangekufa hawajui kusoma.

Jioni ile alipita barazani kwa fundi Shashikant, mshona makoti. Fundi alikuwa anafumua koti zima, zuri, wembe mkononi.

"Mbona unaliharibu?"

"Likiwa zima kila mtu analijua," alisema fundi bila kuinua kichwa. "Mimi nataka kujua limeshonwaje."

Klara aliazima mkasi papo hapo.

Kesho yake aliandika kwenye boksi la majani ya chai sentensi moja ya ukurasa wa tisa: Kuku wangu ametaga mayai matatu. Akaikata maneno matano, akayamwaga kwenye ungo. "Mnaijua," alisema. "Ipangeni." Akafunga mdomo wake, na kwa mwalimu hiyo ni kazi ngumu kuliko zote. Wakakaa watatu watatu, wakabishana, wakanyang'anyana vikaratasi. Kila walichokihifadhi kikawa taa ya kumulikia wasichokijua. Wiki ya tatu akayakata maneno yenyewe, kila silabi peke yake.

Bi Sabaha alichukua *wa*, akachukua *tu*, akaviweka pamoja. Akakodoa macho.

"Watu," alinong'ona. "Mwalimu, hili kitabuni halimo. Limetoka wapi?"

Klara alikwenda dirishani akajipangusa macho.

Siku ya ukaguzi Klara hakugawa vitabu. Aliwapa gazeti la wiki ile. Wakasoma wakitokwa na jasho, silabi moja moja, wakirudi nyuma, wakikosea, wakijisahihisha. Bwana Bakili alikunja uso. Akatoa nakala yake mwenyewe ya kitabu cha darasa, akampa Bi Sabaha aliyekuwa amesimama karibu naye.

"Bibi, soma hiki kama zamani."

"Hicho nimekihifadhi, Bwana Bakili. Nipe nisichokijua."

Mkaguzi alitikisa kichwa, akaweka daftari gotini, akaandika. Alikuwa mwalimu wa zamani, na herufi zake zilikuwa kubwa na zimenyooka. Bi Sabaha akainama juu ya daftari.

"Wa-na-si-ta. Si-ta. Wanasitasita." Akavuta pumzi. "Da-ra-sa. Darasa. Li-fu... lifu-ngwe."

Wenzake wakainua vichwa kutoka kwenye gazeti.

"Darasa lifungwe," alirudia Bi Sabaha, safari hii kwa mfululizo. Kisha maana ikamfikia, akamtazama mkaguzi usoni. "Lifungwe kwa nini, Bwana Bakili?"

Bwana Bakili aliitazama penseli yake, akamtazama yule mama, akaelewa alichokuwa amekishuhudia. Hakuna aliyekuwa amemsomea Bi Sabaha maneno yale. Yalikuwa hayajapata hata dakika mbili duniani. Mkaguzi akavua miwani, akaichana karatasi ile daftarini ili aikunjekunje.

"Usiitupe," alisema Bi Sabaha. "Nipe mimi."

Akaipokea, akainyoosha kwa kiganja, akachukua kile kitabu kilichochanwa kwenye vile sita, akakifungua, na kuiweka kati ya ukurasa wa nane na wa kumi na moja.