Mapafu ya Shemeji, Kahawa ya Dada

Sijawahi kumpenda mume wa dada yangu, na kipindi kile cha korona alinipa sababu mpya.

Ni mzee wa kanisa kule Ihanda, mwenye sauti kubwa na akili ya kukopa. Chanjo ilipofika zahanati, alijipa kazi ya kuihubiri vibaya kila penye watu. Hata msibani kwetu Nyakatuntu, kaburi halijakauka, alisimama.

"Wanataka tusizae," alisema.

"Shemeji," nikamwambia, "una watoto tisa na wajukuu juu. Umebakiza kumzaa nani?"

Watu walicheka. Yeye ni wa wale ambao wakichekwa huongeza sauti, basi akaongeza.

Dada alichanjwa bila kumuaga. "Nilimwambia nakwenda mnadani," aliniambia baadaye. "Sindano yenyewe bure, nimwombe ruhusa ya nini?"

Ugonjwa ulipoingia nyumbani kwao uliwakamata wote wawili. Dada alilala na homa, akanywa uji na vidonge vya dukani, kisha akarudi migombani akiwa bado anakohoa. Mume wake alijifunika blanketi juu ya nyungu ya majani ya mkaratusi, akajifukiza mpaka kuta zikatoa jasho. Hospitali hataki. Tulimbeba midomo ilipobadilika rangi, tena kwa gari la kukodi, maana juu ya bodaboda hakuweza kukaa.

"Amechanjwa?" daktari aliuliza.

"Mimi nimechanjwa," dada akajibu. "Yeye alikataa."

Akawekewa oksijeni. Sikujua hewa inauzwa mpaka nilipoona mtungi unaisha na mwingine unaletwa, na kila mmoja una bei yake. Kuna vipimo, kuna dripu, kuna kitanda. Bima hakuwa nayo, kwa sababu aliwahi kutuambia kukata bima ni kujitabiria ugonjwa. Najua wapo waliochanjwa na bado wakalazwa. Sisemi sindano ni hirizi. Ila ninyi mngemwona dada yangu, mwenye ugonjwa uleule, akisimama kwa miguu yake kwenye dirisha la malipo, akimlipia mwanamume aliyemkataza kinga ya bure!

Alianza kuuzwa ng'ombe wa maziwa. Hakutosha. Dada akamwita mfanyabiashara akamuuzia kahawa ikiwa bado maua mtini, ile tunayoiita butura, kwa bei ya kutupwa. Kahawa aliyoipalilia mwenyewe.

Shemeji alipona. Jumapili ya kwanza aliyoweza kusimama, alitoa shukrani kanisani. Alimshukuru Mungu, akaishukuru nyungu. Oksijeni hakuitaja, ng'ombe hakumtaja, na mke wake, aliyekaa mstari wa pili akiwa amekonda kama yeye ndiye aliyelazwa, hakumtupia hata jicho. Nilitoka nje. Nilihofia ningesema neno lisilofaa madhabahuni.

Msimu ulipofika, vibarua wa mfanyabiashara walikuja kuchuma. Nilikuwapo. Shemeji aliketi kwenye kiti mlangoni akiwafokea wasivunje matawi, kana kwamba hata punje moja ilikuwa yake.

"Mwakani nitauza kwa bei nzuri," alinitangazia.

Dada alitoka jikoni, mikono imejaa utomvu wa ndizi.

"Mwakani nitauza mimi," alisema. "Na fedha nitashika mimi. Na hawa wajukuu nitawapeleka kwenye chanjo ya surua wiki hii hii, usiniulize."

Nilisubiri hotuba. Shemeji alifungua mdomo, kikohozi kikamshika, akakohoa kwa muda mrefu, na dada hakungoja amalize. Alirudi kumenya ndizi zake. Tangu hapo kahawa huiuza yeye, na bima ya kaya nzima huilipa yeye. Shemeji bado anahubiri, ila siku hizi huenda mbali na nyumbani.