Ohm Hamsini Chini ya Maharagwe

Baba ndiye aliyeendesha foni ya kanisa letu katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, redio iliyotuunganisha na ndugu zetu waliobaki milimani Kivu ya Kusini. Kwa majuma mengi tuliwasikia vizuri, lakini wao hawakutusikia. Kisha wakatangaza kwamba Jumapili nyanya yangu, mama mzazi wa Baba, angebebwa kwa machela hadi penye foni yao. Alikuwa mgonjwa sana. Alitaka kumsikia mwanawe.

Baba akaenda Mbarara kwa mwanajeshi mstaafu wa mawasiliano aliyeishi Nyamityobora, kuazima kipimo cha antena.

“Hii kitu haitembei bila mimi,” alisema afande, akaja naye.

Nilimpenda kwa jinsi alivyokiheshimu chombo chake. Kabla ya kugusa antena yetu, alitoa rezista ya ohm hamsini kwenye kisanduku cha kiberiti, akapima kwanza kile anachokijua, aone kama kipimo kinasema kweli. Ndipo akachomeka kebo yetu. Redio yetu ilitaka kukutana na ohm hamsini. Ikikutana na namba iliyo mbali na hiyo, nguvu zinagonga na kurudi. Sindano ikatulia karibu kabisa na hamsini.

“Mzee, antena iko sawa. Hao watu yako wazibue masikio!”

Akina mama waliokuwa wakipalilia maharagwe kando ya kanisa walicheka. Baba alikunja uso.

“Afande, iko muzuri kupita. Hata siku ya kwanza haikukuwa muzuri hivi. Tuitoe antena, tupime tena.”

“Tuitoe, halafu tupime nini? Hewa?”

“Tupime tu.”

Akapanda ngazi, akachomoa kebo kule juu. Sasa haikushika kitu. Mimi na afande tuliikodolea macho sindano. Ikatikisika kidogo, ikatulia palepale, karibu na hamsini.

Afande akavua kofia. “Kumbe tulikuwa tunapima kebo!”

Kebo hiyo tulikuwa tumeifukia wenyewe, maana mbuzi walikuwa wakiitafuna, na mama wa kanisa wakapanda maharagwe juu yake. Jembe la mtu lilikuwa limeipasua. Tulipoifukua, ilidondosha maji kama nguo iliyokamuliwa. Nguvu za redio zilikuwa zinafia humo njiani, na kwa kuwa hakuna kilichorudi, kipimo kiliona mambo ni mazuri. Nimekutana na watu wengi wanaoridhika wakipata jibu walilolitaka. Baba alilitilia shaka kwa sababu lilikuwa zuri mno.

Wakakipandisha kipimo hadi penye antena yenyewe. Sabini na kitu.

“Si hamsini,” nilisema kwa huzuni.

“Lakini ni yake antena,” Baba alijibu. “Hiyo redio itaiweza.”

Jumapili tulihamishia meza nje, chini kabisa ya antena, tukatumia kipande kifupi cha kebo kilichobaki kikavu. Baba akabonyeza kitufe, akaita “Mama! Mama!” kwa sauti iliyowageuza watu wote waliokuwa wakitoka ibadani. Akaachia kitufe. Mikwaruzo ya hewa tu. Afande aliinamia spika.

“Usipige makelele, mutoto wangu,” ikasema sauti nyembamba. “Miye si kiziwi.”