Siku ya Kuchimba Ming'oko

Nyie vijana mnaokatiza na pikipiki kwenye njia za msitu wa hifadhi, sikilizeni. Juzi jirani alichemsha ming'oko, ile mizizi ya porini, na harufu yake ikanirudisha utotoni.

Mama mdogo alinipeleka msituni kuokota kuni kavu. Kuni ziliruhusiwa, kuchimba kulikatazwa. Lakini alipoona mmea wa ming'oko umepanda mtini, akanipa jembe.

"Chimba, mvivu wee! Nani atakuoa?"

Nikachimba huku nacheka, kucha zimejaa udongo mwekundu. Mara akatokea mlinzi wa msitu na baiskeli yake.

"Mama, huyu mtoto wako?"

Mama mdogo, aliyenibeba mgongoni tangu nikiwa mchanga, akajitwika kuni zake.

"Simjui. Nimemkuta hapahapa anachimba."

Akaondoka. Nilimwita mpaka sauti ikakauka, naye hakugeuka. Mlinzi akanishika mkono, akanipeleka kwenye kituo chao cha walinzi.

Baba alikuja kunitoa jioni. Mama mdogo sikumwamkia tena mpaka tunamzika.

Kwangu hapa nimeshaagiza: ukitoka na mtoto, ukaulizwa ni wa nani, sema, "Ni wangu." Mengine tutaongea nyumbani.