Fifa Asiyejaza Kanoli Mapema

Saa mbili asubuhi, hatua chache kutoka stesheni kuu ya Palermo, kisiwani Sicilia, Crocifissa Tranchina anamkazia macho mteja mwenye sanduku la safari. Mkono mmoja umeshika gamba la kanoli, bomba la unga, kavu na jembamba, limetoka kukaangwa. Mwingine umeshika mfuko wa rikota, jibini laini la maziwa ya kondoo lililopigwa na sukari, ndiyo ya kulijaza.

"Utakula saa ngapi?"

"Nikifika Torino, shangazi."

"Torino ni kesho! Sijazi."

"Jamani, si mimi ninayelipa?"

"Na mimi ndiye nitakayesemwa huko Torino. Chukua magamba haya, na rikota hii kwenye kopo. Ukifika ujaze mwenyewe. Mikono si unayo?"

Mteja anacheka, analipa, anaondoka na vifurushi viwili.

Shangazi Fifa, kama mtaa mzima unavyomwita, ana miaka 58. Kwa miaka 35 amejaza kanoli katika duka la familia ya Spataro, kwa mshahara ambao sasa ni euro 1,150 kwa mwezi, na hajajaza hata moja kabla ya kuuliza swali hilo. Gamba likikaa na rikota kwa muda hulegea. Likilegea, anasema, afadhali ule mkate uliochovywa kwenye maziwa.

Kwa kuulizauliza ameijua nchi nzima akiwa nyuma ya kaunta. Anajua wanafunzi wa Bologna hawana subira, humaliza kila kitu kabla treni haijapanda feri ya Messina kuvuka kwenda bara. Anajua mama mmoja wa Genova hujifungia chooni na kanoli yake ili asiwagawie watoto. Yeye mwenyewe hajawahi kuvuka maji yale.

Machi mwaka huu msimamo huo nusura umponze. Kampuni moja ya utalii iliagiza kanoli arobaini kila Jumamosi, zijazwe saa mbili dukani, ziliwe saa sita kwenye magofu ya hekalu la kale la Segesta. Mauzo ya majira ya baridi yalikuwa yameshuka kwa theluthi, na mwenye duka, Loredana Spataro, hakuwa na ubavu wa kukataa.

"Nilimwambia ajaze, au ahamie nyuma akaoshe sinia," anasema Loredana, mwenye miaka 36, bila kuficha aibu. "Mtu aliyenishika mkono nikijifunza kutembea! Lakini ningefanyaje?"

"Nililia," Fifa anakiri. "Halafu nikapandwa na hasira. Kuosha sinia siogopi. Ila kuona kanoli zinatoka mlangoni zimeshaharibika, na watu wanasema hizo ndizo za Palermo? Hapana."

Jumamosi ya kwanza alivaa aproni safi. Basi la kampuni liliposimama mlangoni, akapanda, sanduku la barafu lenye rikota mapajani na magamba arobaini miguuni. Dereva, Lillo Cusenza, alidhani amepotea.

"Mama, hili ni la watalii."

"Na mimi nani kasema si mtalii? Washa gari."

Loredana alitoka dukani mbio. "Shangazi! Kaunta namwachia nani?"

"Wewe, mwanangu! Siku zote si unasema kazi hii ni rahisi?"

Segesta siku hiyo ilikuwa na upepo, na sukari ya unga ya kunyunyizia kanoli iliwarukia watalii mpaka kwenye nyusi. Fifa alijaza moja moja juu ya ukuta wa mawe, akimkabidhi kila mtu ya kwake mkononi. Lillo alikula tatu. Kampuni haikulalamika. Tangu hapo, kila Jumamosi kaunta ni ya Loredana.

Lakini Fifa harudi Palermo akizungumzia ushindi. Anazungumzia mzee mmoja wa Kijerumani aliyeuma mara moja, akafumba macho, akakaa hivyo kitambo kizima.

"Miaka yote hii wasafiri nimeona migongo yao tu," anasema, akifuta kaunta ambayo ni safi. "Mtu anachukua, anakimbilia treni. Nilikuwa sijui wanafanya uso gani."

Sasa ameomba likizo ya siku nne mwezi ujao, kabla kondoo hawajakauka maziwa kwa kiangazi, na tiketi ya Torino ameshakata. Atabeba magamba mia moja.

"Nitawajazia behewa zima bure," anasema. "Halafu nitakaa kitini kwangu, niwatazame wakila."