Fundi Makochi na Mti Usio na Kibao

Inatangazwa kwa wananchi wote, wenye vyeo na wenye akili, kwamba Bustani ya Mimea ya mji huu, iliyodumu miaka mia na ushee bila kumtoza mtu kiingilio, imemtunuku Fundi Makochi hadhi ya Rafiki wa Kudumu wa Mimea. Hadhi hiyo haina mshahara wala kiti, na cheti chake kimeandikwa kwa wino unaotoka ukiguswa.

Mtunukiwa ana miaka hamsini na minane na magoti yanayolia kama bawaba kavu. Siku sita za wiki hupasua makochi ya watu, akabadilisha sponji na springi, na kuwarudishia wenyewe vijiko walivyomsingizia mpishi kuwa kaviiba. Jumapili huzuru popote penye miti na pasipo kiingilio: hifadhi ya ndege kule kinamasini, msitu ulio nyuma ya mitambo ya maji, na zaidi ya kote, Bustani.

"Wenzio wakizeeka hutafuta mke mdogo," mkewe humwambia. "Wewe umetafuta mti."

"Mti hauniulizi nimechelewa wapi, mama."

Mti wenyewe uko nyuma ya nyumba ya vioo. Miti mingine yote ina kibao cha bati chenye jina. Huu hauna. Una majani kama kiganja kilichopungua kidole, na maua yanayonuka soksi. Kwa miaka kumi na tisa Fundi ameuliza unaitwaje.

"Unaitwa Mti," humjibu Mama Getini, mlinzi wa Bustani. "Pita, baba, unaziba njia."

Amezunguka na jani lake mfukoni hifadhi zote, akililinganisha na kila kibao, mpaka walinzi wa ndege wakadhani anauza dawa ya nguvu.

Jumapili moja akakuta shina limepakwa alama ya X nyekundu.

"Jumamosi unakatwa," Mama Getini akasema. "Hauna kibao, kwa hiyo hauna faili. Panajengwa choo cha wageni wa heshima."

"Watakata kitu wasichojua hata jina lake?"

"Baba, mume wangu walimfukuza kazi, na jina lake walilijua vizuri."

Fundi akaupapasa mti jinsi anavyopapasa kochi kabla ya kulipasua. Usawa wa kifua, mkono ukasimama. Mkono huo hutambua springi iliyovunjika chini ya ngozi nene kabla mwenye kochi hajakaa. Hapo palikuwa na uvimbe mgumu.

Kesho yake aliacha kochi la mteja utumbo nje, akarudi na nyundo yake ya sumaku, ile ya kuokotea misumari midogo. Akaipitisha juu ya gome. Kote iliteleza. Kwenye uvimbe ikang'ang'ania.

Mama Getini akamwita Mkurugenzi, aliyekuja na kikombe chake cha chai mkononi.

"Unasema mti umekula bati?"

"Umemeza kibao chake, bosi. Walikipigilia ukiwa mwembamba. Ukanenepa, ukakifunika."

Fundi akapasua gome kwa kisu chake, taratibu, kama anayetaka kulishona tena. Bati likatoka. Kutu ilikuwa imekula maandishi. Ilibaki namba tu, 214.

Mkurugenzi akaenda stoo, akarudi na daftari la zamani lenye harufu ya panya. Fundi alikuwa akichungulia juu ya bega lake. Mkurugenzi akasoma kwa sauti:

"Mia mbili kumi na nne. Haujulikani. Uulizwe tena."

Kisha Mkurugenzi akapiga paja. Mti ulioandikishwa daftarini haukatwi bila kikao cha kamati ya miti, na wanakamati wote walishakufa, mmoja mmoja, wakisubiri akidi. Basi mti ukapona. Choo kikahamishiwa mbele ya ofisi ya Mkurugenzi.

Ndipo ikafika siku ya cheti. Mti ukavishwa kibao kipya kinachong'aa: 214, HAUJULIKANI. Mkurugenzi akahutubu nusu saa juu ya urithi, macho, na mikono ya mwananchi wa kawaida. Akamalizia, "Rafiki yetu, hebu tuambie yaliyo moyoni."

Fundi Makochi akakitazama kibao, akalitoa jani mfukoni.

"Asante, bosi," akasema. "Sasa, unaitwaje?"