Moyo Haukusikia Hukumu

Iko asubuhi moja, mwanangu, ambayo hainitoki hata nikiwa katikati ya mibuni, wajukuu wamenizunguka na kelele zao. Wewe nawe ni mjukuu, lakini nakuita mwanangu kwa kuwa ni mimi niliyekulea. Habari za asubuhi hiyo sijamsimulia mtu, na hata bibi yako alizisikia nusu. Leo nakusimulia wewe kwa sababu Jumanne unakwenda Vwawa kusema mbele ya jaji kwamba ulimwona yule mfugaji Masanja akimuua mwenzenu wa bodaboda, na wewe mwenyewe uliniambia kuwa ulichokiona ni mgongo.

Usinitolee macho. Ulikuja hapa Hasamba Jumapili na hiyo pikipiki yako inayokohoa kunizidi mimi, ukakaa papo hapo ulipokaa sasa. Ulisema, "Babu, niliona mtu aliyejitanda shuka anakimbilia bondeni. Sura sikuiona. Ila washkaji wa kijiweni kule Tunduma wanasema nikaze, niseme ni yeye. Hao wafugaji wa Momba tukiwaachia watatumaliza."

Nikakuuliza kama unajua mtu akipatikana na hatia ya kuua kwa kukusudia anahukumiwa nini. Ukainua mabega. "Si anyongwe tu, Babu."

Ulilisema neno hilo kama mtu anayeagiza chai. Sikukasirika. Ah, nilikasirika, kwa nini nikudanganye? Niliingia ndani nikajifanya natafuta miwani. Hasira sasa imepoa, kwa hiyo nisikilize.

Nilikuwa na umri kama wako. Nimetoka chuo cha uganga, koti jeupe halijapauka, na nikapangiwa kazi katika zahanati ya gereza moja kubwa, mbali sana na huku. Mkubwa wangu alikuwa daktari mmoja mzee, Mndali wa kule Ileje, mtu wa maneno machache asiyepandisha sauti hata kwa mlevi. Mimi nilijiona najua kila kitu. Ndivyo tulivyo tukiwa vijana, na wewe usicheke.

Katika gereza lile alikuwamo mkulima mmoja aliyehukumiwa kifo. Mtu wa makamo, mwenye mikono mipana, aliyekuwa akikohoa vibaya. Nilimpa dawa. Kila siku nilimsikiliza kifua, nikambadilishia dawa, nikambembeleza anywe maji mengi. Nikaambiwa pia nimpime uzito, nami nikadhani ni kwa ajili ya dozi. Kumbe ni kwa ajili ya kamba. Jioni ya mwisho alinishika mkono akasema, "Asante, daktari. Kifua kimefunguka." Nilifurahi, mwanangu. Nilirudi nyumbani nimefurahi, mpaka nilipokumbuka kesho yake kuna nini.

Yaliyotokea asubuhi ile ndani ya chumba cha kunyongea sitakueleza. Hayana faida kwako, na mengine nilifumba macho. Nitakueleza kilichotokea baadaye. Kazi ya daktari ilikuwa kuthibitisha kwamba mtu yule amekufa. Mzee alisogea akamwekea kifuani ule mpira wa kusikilizia moyo, akatulia, halafu akanivalisha mimi. Nadhani alitaka nijifunze.

Mimi tayari nilikuwa na jibu langu. Macho yalikuwa yamefumba, pumzi hakuna, mikono imelegea. Nikauvua mpira nikasema, "Amekufa."

Mzee akanigeukia. Ile sauti yake ya siku zote, ya chini. "Nani amekwambia? Rudisha mpira masikioni. Usimtangulie."

Nikaurudisha, na sasa nikasikiliza kweli.

Moyo ulikuwa unapiga.

Ulikuwa unapiga kwa nguvu na kwa haraka, kama wa mtu aliyepanda mlima na gunia la mahindi. Niliogopa, nusura niseme tumfungue. Nikamtazama mzee, naye akatikisa kichwa taratibu: mtu mwenyewe alikuwa ameshakwenda. Uliobaki ni moyo wake, na ulikuwa kazini. Ukapunguza mwendo. Ukaruka pigo moja, ukarudi. Ukanyamaza, nikadhani ndio basi, ukapiga tena, mara moja, halafu tena. Tulisimama pale muda ambao sufuria ya maji ingechemka. Watu wa serikali, mchungaji, askari, sote tulikuwa tunaungoja moyo wa mkulima mmoja, na hakuna mkubwa yeyote mle ndani aliyeweza kuuharakisha. Ulipotulia ulitulia wenyewe. Sijawahi kusikia kimya kama kile, na sijui nikuelezeje.

Baadaye tulikaa kwenye benchi nje ya zahanati. Mzee akanielezea yaliyotokea. Akasema shingo ni njia nyembamba ambayo mambo yote makubwa ya mwili yanapitia. Damu inapanda kwenye ubongo na kushuka, hewa inapita, na katikati ya vifupa saba vya shingo imo kamba laini ya neva inayobeba kila amri kutoka kichwani. Wakati mwingine mfupa unavunjika, kamba ile inakatika na fahamu zinatoka papo hapo. Wakati mwingine hauvunjiki, na mtu anakwenda kwa kukosa damu na hewa. Mwili unaweza kutikisika, na hizo ni neva tu, akasema, kisha akafikiri kidogo na kuongeza: "Lakini hakuna aliyerudi kutuambia alisikia nini. Sisi tunakisia."

Nikamuuliza kuhusu moyo. Akasema moyo hauingojei amri ya kichwa. Una kiwashio chake wenyewe, tangu tumboni mwa mama, kabla mtoto hajawa na uso wa kutambulika. Njia ya shingo ikifungwa, moyo haujui. Unaendelea kusukuma hadi hewa iliyomo kwenye damu iishe. "Yule mtu aliisikia hukumu," mzee akasema. "Moyo wake haukuisikia."

Nikauliza, "Alikuwa ameua kweli?"

"Sijui. Walisimama watu wakasema walimwona. Mimi nimeletewa shingo tu."

Miaka yote niliyofanya kazi, mwanangu, sikuwahi tena kusema amekufa kabla sijasikiliza hadi mwisho.

Najua utaniambia siku hizi hawanyongi. Kweli, ni miaka mingi kamba haijatumika. Lakini hukumu bado inasomwa kwa maneno yale yale, na mtu anakaa chini yake, anakula, anazeeka, kila asubuhi akisikiliza hatua za askari mlangoni. Na kamba iliyotundikwa haijatupwa.

Haya, lete vidole vyako viwili. Weka hapo pembeni ya koo, chini ya taya. Polepole, usibonyeze. Umesikia?

"Kitu kinadunda, Babu."

Ndio huo. Hujauambia upige. Umepiga ukiwa umelala, umepiga ukiwa umelewa pale Tunduma, usidhani sijui. Ukija na uongo wa kijiweni utapiga, ukisema kweli utapiga.

"Babu, na wa Masanja?"

Wa Masanja unapiga hivyo hivyo, sasa hivi, huko mahabusu. Haujui kwamba kuna Jumanne. Labda ameua. Kama ameua, watu wenye ushahidi wauonyeshe, na marehemu wenu apate haki yake, maana naye alikuwa na moyo na ulisimamishwa na mtu. Sikuombi umtetee Masanja. Nakuomba usimtangulie.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii, na ishike hata wenzako wakikususa, hata wakikunyima zamu kituoni. Jaji akikuuliza uliona nini, sema mgongo. Akikuuliza ni mgongo wa nani, sema hujui. Wakili akikukaripia, sema tena hujui. Ulichokiona kiseme chote, na usikiongezee sura. Ukihisi ulimi unataka kukimbia, gusa hapo shingoni kwako kwanza. Hakuna atakayejua unafanya nini.

Haya, washa hiyo pikipiki yako, giza lisikukute njiani. Mungu akulinde barabarani na akulinde kizimbani. Akujalie uzee kama huu wangu, wenye magoti mabovu na usingizi mwepesi. Na siku moyo wa Masanja utakaposimama, mwanangu, awe ameua au hajaua, Mungu ajalie usiwe umesimamishwa na sura ambayo hukuiona.