Fundo la Mvuto Mmoja

Mimi nafunga ng'ombe. Nikisema hivyo kwa mgeni, anadhani nina zizi na plau, na macho yake yanaanza kunipima mikono. Ng'ombe wangu wanaenea kiganjani. Nawafinyanga kwa udongo wa kichuguu, pembe nawawekea miiba ya mgunga, halafu ndipo naanza kazi ninayoipenda: nira, kamba, mnyororo wa kukokotea plau, na kwa punda, hatamu na shogi la kubebea madumu. Kufinyanga ng'ombe anaweza mtoto yeyote aliyekulia machungani. Kumvalisha mnyama mpaka aonekane yuko tayari kwenda shamba, hiyo ni kazi ya mtu mzima, na mtu mzima huyo ni mimi.

Vifaa vyangu ni mabaki ya Mpanda. Vipande vya mninga nawaomba mafundi seremala kabla hawajavipikia chai. Ngozi nakata kwenye makobazi yaliyochoka. Kamba nasokota kwa nyuzi za katani, na katani ikiadimika nachambua magunia ya salfeti. Mnyororo ni mkufu wa mtu uliokatika, plau ni bati la kopo la nyanya. Nauzia sokoni Kashaulili, pembeni ya mama muuza dagaa. Wanaonunua ni wazazi, walimu, na wageni wanaopita kwenda mbugani. Siku moja alikuja mama na farasi wa plastiki wa mtoto wake, aliyenunuliwa Dar, akataka nimtengenezee matandiko. Mimi farasi wa kweli sijawahi kumwona hapa. Nikamvalisha shogi la punda na madumu ya maji. Mama akalalamika kwamba farasi habebi maji, farasi anapandwa. Nikamwambia farasi akija Mpanda wakati wa kiangazi atachota maji kama sisi wengine. Alicheka mpaka akashika ubavu, akamchukua hivyo hivyo.

Kamba nilifundishwa na baba. Nilikuwa mdogo tulipohamia huku kutoka upande wa Shinyanga, tukitembea nyuma ya mifugo, tukapata eneo Kabungu. Baba alikuwa mchonga nira, na watu walimfuata kutoka mbali. Baba zangu wadogo walikuwa na msemo wao walioupenda sana: mtoto wa kike ni wa kutolewa ng'ombe, si wa kufunga ng'ombe. Waliusema wakiwa wamekaa. Baba alikuwa na nira za kumalizia na mikono yake haikutosha, kwa hiyo alinitupia fungu la katani nisokote.

Fundo lake ndilo ninalofunga mpaka leo. Alisema usimfunge mnyama kama hujui utamfungua vipi kwa haraka. Maksai mmoja akianguka kwenye tope na mwenzake amesimama, nira inamnyonga aliyeanguka, na hapo hakuna muda wa kutafuta panga. Fundo la baba lilibeba siku nzima ya kulima bila kulegea, lakini lilikuwa na mkia mdogo unaoning'inia. Ukiuvuta mara moja, kila kitu kinaachia. Ng'ombe wa udongo hanyongeki, najua. Bado kila nira yangu ina mkia huo, kwa sababu nira isiyo nao ni mtego tu.

Sasa nisimulie habari ya jirani.

Hapa Shanwe tumepakana ua kwa ua na Msukuma mwenzangu ambaye analima kwa maksai, mashamba yake na ya watu wanaomkodi. Kila asubuhi msimu wa mvua alipita mbele ya baraza yangu na wanyama wake wawili: mwekundu upande wa kushoto, na yule mwenye baka jeupe usoni upande wa kulia. Maksai akishafundishwa upande wake haubadilishi. Niliwapenda wale wanyama. Mwekundu alikuwa na mwendo wa kujisikia, shingo juu, kama bwana harusi. Mvua za kwanza zilipoanza nikawafinyanga wote wawili, nikawachongea nira, nikawafunga, nikawatundika barazani wakauke kivulini. Siku hiyo sokoni nilikuwa na furaha, na nikamwambia muuza dagaa kwa sauti ya kusikika: "Leo nimemmaliza yule mwekundu wa jirani. Nimemfunga vizuri."

Hilo ndilo neno nililolisema, na silifuti.

Kwa Kiswahili chetu mtu anafunga ng'ombe, anafunga mlango, anafunga Kwaresma, anafunga goli. Lakini pia mchawi anafunga. Anafunga tumbo la mwanamke lisishike mimba, anafunga shamba, anafunga riziki ya mtu. Hatuna neno lingine. Sentensi yangu ilikuwa bado inazunguka kwenye meza za dagaa wakati yule maksai mwekundu alipolala chini katikati ya shamba, pumzi zikimtoka kwa shida, akakataa kuamka.

Jioni ile watu walisimama barabarani wakiitazama baraza yangu. Pale walimwona mwekundu, mdogo, shingoni ana kamba. Mwenye nyumba, yaani mimi, ni mjane, anaishi peke yake, na macho yake ni mekundu kwa moshi wa kuni. Walikuwa na kila kitu walichokihitaji. Walisema lisemwalo lipo.

Niliogopa, wala sioni haya kusema. Kule tulikotoka, wanawake wa umri wangu wameuawa kwa neno dogo kuliko langu. Nililala kitandani bila usingizi nikisikiliza kila mguu unaopita. Halafu kulipokucha nikakuta nina hasira, na hasira ikanifaa kuliko woga, maana woga ulitaka niwashushe wale ng'ombe barazani na hasira ikataka waendelee kuning'inia.

Mdogo wangu alikuja kutoka Kabungu kwa bodaboda, kitenge kimejaa vumbi, hata chai hakutaka. Alikuwa ameshaambiwa yote njiani. Watu walikuwa wanataka jambo moja tu kwangu: nimfungue yule mwekundu mbele yao, ng'ombe wa jirani aamke, basi. Mdogo wangu aliiona ni bahati. Alinishika magoti, yeye ambaye tangu utotoni hajawahi kuniomba kitu bila kununa.

"Dada, ni uzi tu," alisema. "Vuta, wakuone umevuta, tulale salama."

"Nikifungua, nimekubali kwamba nilifunga."

Mdogo wangu anajua hesabu hiyo kama ninavyoijua mimi. Ng'ombe akiamka baada ya mimi kuvuta, basi mimi ni mchawi anayejua kufungua. Asipoamka, mimi ni mchawi aliyefungua nusu. Na mwaka ujao mtoto wa mtu akipata homa, wataniletea kamba nyingine. Mdogo wangu alilia, akaniambia basi nihamie kwake. Nilimwambia nyumba hii nimeijenga tofali kwa tofali na marehemu mume wangu, na sitaiacha kwa ajili ya mkia wa uzi.

Mwenyekiti wa mtaa alituita uani kwake. Alileta mabenchi, akaweka meza, na mezani wakawekwa ng'ombe wangu wawili wamefungwa nira yao. Niliwabeba mwenyewe, hakuna aliyetaka kuwashika. Watu walikuwa wengi kuliko siku ya kugawa mbegu. Mwenyekiti aliongea kwa upole. Alisema serikali haiamini uchawi, na yeye haamini, lakini kuna amani ya mtaa, na mama kama mama anaweza kuwasaidia majirani kwa jambo dogo tu lisilo na gharama. Yaani haamini, ila nifungue.

Kisha jirani akasimama. Lazima niseme ukweli: hakuwa na ubaya siku ile. Uso wake ulikuwa wa mtu ambaye hajala. Mtu mwenye maksai wawili akipoteza mmoja hana maksai, ana kitoweo, na mvua ilikuwa inamnyeshea shamba ambalo halijalimwa.

"Mama, mimi sigombani na wewe," alisema. "Ng'ombe wangu yuko chini tangu juzi. Nakuomba tu umfungue."

Ilikuwa rahisi sana. Mkia wa fundo ulikuwa unaning'inia pembeni ya meza, mwembamba kama sharubu ya panya. Mdogo wangu alikuwa ananitazama mkono. Nilifikiri juu ya baba, aliyeweka mkia ule ili mnyama asife, na sasa watu wazima walitaka niutumie kujinyonga.

Nikaisukuma meza kwa jirani.

"Mkia wa fundo ni huo," nikasema. "Ng'ombe ni wako. Vuta wewe."

Alinyoosha mkono, kweli. Vidole vilifika karibu na uzi, vikasimama. Nikaona anafikiri, na nikaona kila mtu pale uani anafikiri jambo lile lile: anayefungua kilichofungwa ni mjuzi wa kazi hiyo. Akirudisha mkono, mbona hamwokoi ng'ombe wake? Akivuta na ng'ombe akaamka, je, yeye ni nani? Mkono ukarudi mfukoni. Nikamgeukia mwenyekiti, nikamwambia basi avute yeye, maana yeye haamini. Mwenyekiti akasema ofisi yake haihusiki na kamba. Nikawauliza waliokaa nyuma: nyie je? Kuna mtu alikohoa, mwingine akaanza kutafuta kiatu cha mtoto.

Niliwachukua ng'ombe wangu, nikarudi nyumbani nikipita katikati ya barabara. Nikawatundika tena barazani.

Maksai mwekundu alikufa siku iliyofuata. Bwana mifugo alikuwa amefika akiwa amechelewa, akasema ni ndigana, ugonjwa unaoletwa na kupe, na kwamba angeitwa mapema angekuwa na la kufanya. Walimfukia nyuma ya zizi. Nilimlilia, nikiwa jikoni, kwa sababu nilikuwa nimeukariri mwendo wake wote kwa vidole na hakuna aliyetegemea nimlilie. Siku hizo watu walikuwa wananisalimia wakiangalia mbali. Sokoni muuza dagaa alihamisha meza yake upande wa pili, akakaa na jua la mchana usoni, kisha akarudi kwenye kivuli kilichokuwa pembeni yangu. Nami sikumuuliza. Akutukanaye hakuchagulii tusi, na anayerudi pia hachagui njia.

Wengine waliniambia kwa wema kwamba sasa nihamie kwenye vikapu, au angalau ng'ombe niwauze bila kamba. Ng'ombe bila kamba! Nilichofanya ni kuongeza msumari barazani. Nikatundika punda wenye shogi, nikatundika jozi nyingine za maksai, na wale wawili wa jirani nikawaacha mbele kabisa, panapoonekana na kila mpita njia. Kiti changu nikakigeuza kiangalie barabara. Tangu siku hiyo nasokota na kufunga ng'ombe mlango ukiwa wazi, kila mtu aone ninachofanya.

Jirani alijikongoja akapata maksai mwingine, mweusi, mnyama mzuri lakini hajafundishwa vizuri. Nilisikia kila asubuhi wakihangaika naye uani, akipiga mateke na kukataa kuingia kwenye nira. Nilisikia pia sauti ya jirani ikizidi kukata tamaa, na msimu ulikuwa unakwisha.

Halafu asubuhi moja nilitoka kufagia baraza nikaona ng'ombe wangu wa mbele wamebadilika. Kwanza sikuelewa. Walikuwa wamefungwa, ndiyo, lakini si kwa mkono wangu. Fundo lilikuwa nene, la mkulima mwenye haraka, mkia umefutikwa ndani usionekane. Na mwekundu alikuwa upande wa kulia. Nilikaa kwenye kiti nikaelewa taratibu. Kuna mtu alikuja kabla hakujapambazuka, akavuta ule uzi aliouogopa mbele za watu, ili mweusi wake akubali nira. Kisha, ili nisijue, akajaribu kuwarudisha kama walivyokuwa, gizani, na mikono iliyozoea kamba nene.

Sikufagia tena. Nilimsubiri. Jua lilipopanda alipita na wanyama wake, mwenye baka jeupe akivuta, mweusi akivutwa. Barabara ilikuwa na watu, wanafunzi, mama wa maandazi, bodaboda.

"Mwangaluka," nikamwamkia, kama tunavyoamkiana kwetu.

Akaitikia shingo upande.

"Jirani, umefunga vizuri," nikasema. "Ila mwekundu, upande wake ni kushoto."

Alisimama. Ng'ombe nao wakasimama. Aliangalia mbele na nyuma nani amesikia, akasogea mpaka kwenye ukingo wa baraza, na kwa mara ya kwanza tangu ile siku ya mwenyekiti akaniangalia machoni.

"Mama, usiwaambie watu."

"Niwaambie nini? Kwamba umefunga ng'ombe?"

Aliinua fimbo, akawaswaga wanyama wake kuelekea shamba, na mweusi siku hiyo alikwenda, au hakwenda, sijui, sikumfuatilia.

Nikawashusha ng'ombe wangu. Fundo lake lilikuwa gumu, kucha zilishindwa, ikabidi nitumie meno. Nikamrudisha mwekundu kushoto kwake, nikafunga upya kwa mkono wangu, na mkia wa uzi nikauacha uning'inie upande wa barabara, kwa yeyote anayetaka kuvuta.